SOMO LA JAMAA: UGONJWA WA MUDA MREFU NA LUPANGO YA WATOTO

Masomo ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 20:1-7, Marko 7:9-13, Luka 14:28-30, Yohana 19:25-27, 1 Timoteo 5:3-8.



Safari hii tunajifunza jambo ambalo wengi hawapendi kulitaja nyumbani. Siyo ugonjwa wa juma moja, ule wa malaria unaokuja na kwenda. Ni ugonjwa unaokaa: mtu aliyepooza upande mmoja, mzee aliyepoteza akili, mama mwenye sukari aliyekatwa mguu, papa ambaye macho yamezimika. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuishi miaka mingi. Kila siku atakula, ataoga, atageuzwa kitandani, atameza dawa. Nani atalipa? Nani atamtunza? Na siku Mungu atakapomwita, watoto watabaki na nyumba au watabaki njiani?

1. Mambo ya nyumbani kwetu

Nianze na jamaa yangu mwenyewe, ili mtu asiseme Shemasi anahukumu wengine.

Mwaka 2009 baba yetu alianguka asubuhi akienda kuoga. Upande wa kuume ulikufa, kinywa kilipinda, maneno yalipotea. Tulikuwa watoto saba. Tulikutana usiku uleule tukilia, na kabla ya jua kuchomoza tulikuwa tumekwisha kuamua: tuuze lupango ya Katuba, tumpeleke baba ng'ambo ya mpaka, Zambia. Hakuna aliyeuliza ugonjwa huu utachukua muda gani. Hakuna aliyemwuliza mama shauri. Aliletewa karatasi tu, akaambiwa atie kidole. Mnunuzi aliona haraka yetu, akatoa karibu nusu ya bei, na tulipokea.

Feza zile zilikwisha kwa miezi minne. Lakini baba hakufa. Aliishi miaka sita mingine, katika chumba cha kulipia, na kila mwezi tulitafuta feza ya nyumba juu ya feza ya dawa. Alikuwa hawezi kusema vizuri, ila kila mara tulipomsukuma katika avenyu ile ya zamani, aligeuza uso upande mwingine.

Madaktari walifanya kazi yao. Kosa lilikuwa letu sisi watoto. Tulilipa ugonjwa wa miaka sita kama vile ungekuwa ugonjwa wa miezi minne. Ndiyo sababu nawapa somo hili, nalo ni fupi: ugonjwa wa siku hulipwa kwa akiba, ugonjwa wa miaka hulipwa kwa mpango, na nyumba iwe kitu cha mwisho kuguswa, siyo cha kwanza.

2. Je, kupanga mapema ni kuita kifo?

Wengi wetu tunaogopa. Mtoto akimwuliza baba yake, "Karatasi za lupango ziko wapi?" watu watasema anataka baba afe. Baba akiandika wosia, jirani watasema ameota ndoto mbaya.

Tumwangalie mfalme Hezekia. Aliugua sana, na nabii Isaya alimletea neno kwamba atakufa, na kwamba atengeneze mambo ya nyumba yake. Hezekia alielekeza uso ukutani, akaomba akilia. Mungu akamwongezea miaka 15. Tena Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu lake, naye akapona.

Angalieni vizuri, wapendwa. Katika habari moja tunakuta mambo matatu yakikaa pamoja: kutengeneza nyumba, kuomba, na dawa. Hakuna moja linalofukuza lingine. Neno la kutengeneza nyumba lilitoka katika kinywa cha nabii mwenyewe. Basi anayesema kwamba mtu wa imani hapangi mambo yake, huyo hajasoma sura hii mpaka mwisho.

3. Keti kwanza, uhesabu gharama

Katika Luka 14 Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara. Kwanza anaketi na kuhesabu, asije akaweka msingi na kushindwa kumaliza, watu wakamcheka. Sisi tulianza bila kuketi.

Siku ile ya kwanza, mtu akianguka na kupooza, msikae nyumbani mkingoja. Mpelekeni hospitali upesi, kwa sababu saa za mwanzo ni za maana sana. Hapo tumieni akiba mliyo nayo. Lakini dokta akisema, "Sasa mtamtunza nyumbani," ni wakati wa kuketi. Mwulizeni dokta maswali haya bila haya: Dawa hizi ni za mwezi mmoja au za maisha? Atahitaji kurudi hapa mara ngapi? Anaweza kufanya mazoezi ya mwili nyumbani, na nani atatufundisha? Kuna hatari gani tuzikinge? Asiyeweza kujigeuza, kwa mfano, hugeuzwa kila baada ya muda wa saa mbili, ama atapata vidonda vya mgongo na matako, na vidonda vile hula feza nyingi kuliko dawa.

Kisha chukueni daftari, mwandike gharama za mwezi. Natoa mfano tu, kila jamaa itaandika hesabu yake:

Dawa: dola 15.
Sabuni, vitambaa vya kubadilisha, maji: dola 20.
Usafiri wa kwenda kuonana na dokta: dola 5.
Chakula cha mgonjwa: dola 20.
Msaidizi wa kumtunza: dola 40.
Jumla: dola 100 kwa mwezi.

Kwa mwaka mmoja ni dola 1,200. Kwa miaka sita ni dola 7,200. Ukitaja dola 7,200 mara moja, jamaa yote itashika kichwa na kusema, "Tuuze!" Lakini watoto saba wakitoa kila mmoja dola 15 kwa mwezi, wanapata dola 105. Mzigo ni uleule, ila umegawanywa mabegani mwa watu saba na katika miezi mingi. Asiyeweza kutoa dola 15 atoe 5 na siku mbili za kazi katika juma. Mwenye shamba alete unga na mafuta. Yote yaandikwe, yatiwe sahihi na wote, pamoja na tarehe, na daftari likae kwa mmoja anayeaminiwa. Neno la mdomo husahauliwa mwezi wa tatu. Tena kumtunza mzazi siyo hiari tu: Sheria ya Jamaa ya nchi yetu inawadai watoto kumsaidia mzazi aliye katika uhitaji, na Mtume Paulo, katika 1 Timoteo 5, anamweka asiyewatunza wa nyumbani mwake chini ya mtu asiyeamini.

4. Akiba ikae wapi?

Wazee wetu wana sababu ya kuogopa kuweka feza. Mwezi wa Oktoba 1993 zaire mpya moja ilichukua mahali pa zaire za zamani 3,000,000. Mwaka 1998 franka kongolese moja ilichukua mahali pa zaire mpya 100,000. Pigeni hesabu: franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na zaire za zamani bilioni 300. Mtu aliyeficha feza chini ya godoro tangu miaka ya 1980 aliamka na karatasi za kuwashia moto. Kule Kinshasa, mwaka 1991, watu walipeleka mali zao kwa Bindo Promotion, wakiahidiwa faida kubwa kwa muda mfupi, nao walipoteza.

Feza inayokuja kwa mkupuo mmoja nayo ina hatari yake. Katika Katanga, kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, wakapokea malipo ya mara moja. Sisemi hapa juu ya hesabu ya malipo yale. Nasema juu ya fundisho tuliloliona kwa macho: feza ya mara moja ina miguu, lakini uzee unatembea polepole. Ukipokea mkupuo, kabla ya kununua kitu chochote, tenga fungu la uzee na ugonjwa, uligeuze kuwa kitu kinachozaa kila mwezi.

Basi tufanye nini? Natoa njia tano.

Njia ya kwanza ni kazi ya ofisi na kampuni. Wewe unayefanya kazi ya mshahara, uliza leo, ungali kazini, kama mwajiri wako anakuandikisha na kulipa michango katika Caisse Nationale de Sécurité Sociale, CNSS, ile ambayo zamani iliitwa INSS. Usingoje siku ya kustaafu ndipo ugundue kwamba jina lako halimo. Tunza karatasi za mshahara tangu ya kwanza. Ukifa, mjane wako na yatima wanaweza kuwa na haki yao pale, lakini wataulizwa cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa.

Njia ya pili ni mutuele ya afya. Nchi yetu ina sheria ya mutuele tangu Februari 2017. Mutuele nzuri husaidia gharama za kuonana na dokta na za kulala hospitali, kufuatana na kanuni zake. Lakini haitakupa mtu wa kumwogesha baba yako usiku. Kwa hiyo ingia mutuele, lakini usiache kufanya mpango wa nyumbani.

Njia ya tatu ni sanduku la jamaa. Likelemba inafaa kwa jambo la muda mfupi, kama karo ya shule au bati za nyumba, kwa sababu feza inazunguka na zamu yako inakwisha. Ugonjwa haungoji zamu. Sanduku la jamaa ni tofauti: kila mmoja anaweka kidogo kila mwezi, wakati wote wakiwa wazima, na haliguswi ila kwa ugonjwa. Liwe na watu watatu: mmoja ashike sanduku, mwingine funguo, mwingine daftari. Sanduku likijaa, msiache noti zilale humo. Pelekeni kwenye koperative au banki mnayoijua, kwa jina la watu wawili.

Njia ya nne ndiyo niipendayo zaidi: lupango ile ile iliyo hatarini kuuzwa inaweza kumlisha mgonjwa bila kuuzwa. Jenga chumba kimoja au viwili upande wa avenyu, upangishe. Panda miti ya matunda. Fuga kuku. Ukiuza mwembe unakula mara moja. Ukiuza maembe unakula kila mwaka. Baba yetu, kama tungempangishia vyumba viwili vya mbele, dawa zake zingelipwa, naye angefia kitandani mwake.

Njia ya tano ni ya kukataa: msiende kwa Banki Lamberi. Mkopo wa mtaani wenye faida ya nusu ya feza kila mwezi haujapata kumponya mtu. Wanaochukua mkopo ule huweka karatasi za nyumba kama rehani, na nyumba inakwenda kabla ya mgonjwa.

5. Karatasi ni ukuta wa nyumba

Ukuta wa matofali unakinga mvua. Ukuta wa karatasi unakinga wanadamu. Chunguzeni karatasi nne, wapendwa.

Karatasi ya kwanza ni ya ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1973, udongo ni mali ya Serikali. Raia anapewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inahakikishwa na sertifika inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Wengi wana karatasi ya mauzo tu au fishi ya komini, wakidhani kazi imekwisha. Haijakwisha. Mwenyewe akiwa mzima, anaweza kwenda ofisini na kufuatilia. Akipooza au akifa, njia inakuwa ndefu na gharama inaongezeka.

Karatasi ya pili ni ya ndoa. Ndoa ya kimila ni ndoa, lakini iandikishwe kwenye etasivili. Mama ambaye ndoa yake haikuandikishwa atapata shida kubwa siku ya kudai haki yake. Na mjue hili: sheria inataka makubaliano ya mume na mke kabla ya kuuza au kuweka rehani nyumba na ardhi. Kidole cha mama kilichotiwa bila kuelezwa, kama tulivyofanya sisi, ni dhuluma.

Karatasi ya tatu ni vyeti vya watoto. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka watoto wa marehemu katika kundi la kwanza la warithi: waliozaliwa katika ndoa, waliozaliwa inje ya ndoa wakatambuliwa na baba angali hai, na waliochukuliwa kuwa watoto kwa njia ya sheria. Wao wanapata robo tatu za urithi. Robo inayobaki ni ya kundi la pili: mjane au mgane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena mjane ana haki ya kukaa na kutumia nyumba waliyoishi pamoja na vyombo vyake. Kwa hiyo baba mdogo anayekuja na kufuli siku ya matanga kumtoa mama na watoto inje, anavunja sheria ya nchi, hata kama anasema ni mila.

Karatasi ya nne ni wosia. Kuna njia mbili nzuri. Unaweza kuusema mbele ya notere au mbele ya afisa wa etasivili. Au unaweza kuuandika mwenyewe, wote kwa mkono wako, na kuweka tarehe na sahihi. Usipigwe na mashine, wala usiandikwe na mtoto wako. Wosia haufai kuwanyima watoto fungu ambalo sheria imewawekea. Ni wa kutengeneza, siyo wa kulipiza kisasi. Andika pia madeni unayodaiwa na wanaokudai wewe. Madeni yasiyoandikwa huzaliwa upya kwenye matanga.

Na mtu akiwa angali na akili, anaweza kumpa mtoto mmoja, mbele ya notere, uwezo wa kutenda kwa jina lake, kupokea pansio au feza ya upangaji, na uandikwe wazi kwamba uwezo huo si wa kuuza nyumba. Akiisha kupoteza akili, hawezi tena kutoa uwezo wowote; itabidi jamaa wapite mbele ya hakimu. Ndiyo maana nasema: tengeneza mkono ungali unaweza kutia sahihi.

6. Anayemtunza naye ahesabiwe

Katika jamaa nyingi yuko dada mmoja, mara nyingi yule asiyeolewa au aliyefiwa na mume, ambaye wote wanasema, "Yeye yuko nyumbani, atamwangalia mama." Anaacha biashara yake sokoni. Anaamka mara tano usiku. Ndugu waliotuma dola 15 wanakuja Noeli na kuuliza kwa sauti kubwa feza zimekwenda wapi. Na mama akifa, dada huyo anaambiwa atoke, nyumba igawanywe.

Kwetu sisi alikuwa dada yetu wa nne. Miaka sita hakulala usiku mzima. Hatukuandika hata siku moja ya kazi yake. Nakiri mbele yenu.

Bwana Yesu akiwa juu ya msalaba, katika maumivu yale, alimwona mama yake na mwanafunzi aliyempenda, akawakabidhi mmoja kwa mwingine, na tangu saa ile mwanafunzi alimchukua nyumbani kwake. Hakusema tu "mtamwangalia". Alimtaja mtunzaji mbele ya mashahidi. Na sisi tufanye hivyo. Kazi ya mtunzaji iandikwe katika daftari kama mchango, sawa na feza. Apewe siku moja ya kupumzika katika juma, mwingine ashike zamu, na wanaume wasijifiche. Na mzazi, angali na akili, anaweza kuandika katika wosia jambo la kumkumbuka, kwa mfano chumba kimoja cha kukaa, bila kuvunja haki ya wengine.

7. Mitego mitatu katika kanisa

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu nasema na nyumba yangu mwenyewe.

Mtego wa kwanza ni korbani. Katika Marko 7, Bwana aliwakemea watu waliosema kwamba mali iliyopasa kumsaidia baba au mama imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, basi mzazi asipate kitu. Ndugu, tunapenda sadaka, na kazi ya Mungu inaihitaji. Lakini ukileta bahasha kubwa mbele ya watu, na mama yako amelala bila dawa ya presha, rudi kwanza nyumbani. Shemasi anayekuambia hivyo hapotezi kitu. Anatunza nafsi yako.

Mtego wa pili ni mtu anayekuja na unabii wa kuuza. Anasema, "Nimeonyeshwa: lupango hii ndiyo inashikilia ugonjwa, iuzeni, leteni feza." Sisi watu wa maombi tunaamini kwamba Mungu anasema na kuponya. Lakini kipawa cha Mungu hakiuzwi, na aliyeponywa na Bwana hakuombwa sertifika ya nyumba. Neno la namna hiyo lipelekwe mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya jamaa yote, mchana, siyo usiku.

Mtego wa tatu ni ulozi. Ugonjwa ukikawia na feza zikikwisha, midomo inaanza kutafuta mtu: bibi kizee, mtoto yatima, mke wa pili. Wapendwa, damu inayopanda, sukari, na mshipa uliopasuka katika kichwa havina haja ya mlozi. Jamaa iliyopanga mapema haina muda wa kumshitaki bibi.

8. Namna ya kuanza

Mtasema, tunaanzaje mazungumzo haya bila kumkwaza mzee? Watoto wasije wote kama baraza la hukumu. Aende yule anayesikilizwa, siku ya utulivu, baada ya chakula. Aseme: "Papa, utufundishe mambo ya nyumba hii, ili tusije tukagombana." Mzee akikataa mara ya kwanza, mnyamaze, rudini baada ya mwezi. Na ninyi wazee, afadhali ninyi mwanze. Mzee anayeita watoto na kufungua sanduku la karatasi amewapa baraka kubwa kuliko feza.

Mama mmoja mjane wa parokia yetu alifanya hivyo. Alikuwa mzima, akiuza samaki wa kukauka. Aliwaita watoto wake watano, akawaonyesha sertifika, akataja chumba kitakachopangishwa kwa ajili ya dawa, akamtaja binti atakayemtunza na haki yake. Watoto walinung'unika. Miaka mitatu baadaye alipoteza macho. Hakuna aliyekimbia huku na huku. Chumba kililipa dawa, ndugu walileta mchango wao, na hata leo mama yule anaketi mlangoni pa nyumba yake, akimtambua kila mpitaji kwa sauti.

Na kama ugonjwa umekwisha kuingia kwenu, msikate tamaa. Fuateni mpangilio huu: hesabu gharama ya mwezi, gawanyeni mchango na kazi, tafuteni haki za CNSS na mutuele kama zipo, pangisheni sehemu ya nyumba, uzeni kwanza vitu visivyozaa, kama gari bovu au vyombo vya sebule, na lupango iguswe mwisho kabisa, kwa makubaliano ya mume na mke, jamaa wote wakijua, bila haraka, na baada ya kujua mgonjwa atalala wapi kesho.

Maswali ya kujibu katika jamaa

1. Karatasi za nyumba yetu ziko wapi, na ziko kwa jina la nani?
2. Ndoa yetu na watoto wetu wameandikishwa kwenye etasivili?
3. Baba au mama akipooza kesho, nani atamtunza, na sisi wengine tutamsaidiaje?
4. Tunaweza kuweka kiasi gani kila mwezi kuanzia mwezi huu?
5. Kuna sadaka tunayotoa huku mzazi wetu akikosa?

Kila jamaa ijibu katika daftari, siyo katika kichwa. Juma linalofuata, mashemasi watapita nyumbani kwa wale wanaoomba msaada wa kuandika.

Mungu aliyemwongezea Hezekia miaka 15 atuongezee na sisi siku zetu, nazo zitukute tumetengeneza nyumba. Amina.

Ni mimi ndugu yenu, Shemasi.